Yetu na Yetu, na Mkwaju Katikati

Ate alipouliza "sisi" ni akina nani, msimamizi wa mradi alidhani ameanzisha mjadala wa falsafa, akaagiza chai nyingine. Hakujua kwamba swali lile lilikuwa la sarufi, na sarufi ikishaingia ofisini haifukuzwi kwa chai.

Tulikuwa kwenye chumba cha ghorofa ya pili huko Regent Park, katika mojawapo ya yale majengo mapya ambayo bado yananukia rangi, tukitengeneza kijitabu cha maneno rasmi ya nchi kwa ajili ya watu wanaohamia Kanada. Kila lugha ilikuwa na mtu wake. Kitagalogi, lugha kuu ya Wafilipino, kilikuwa cha Ate. Kiswahili kilikuwa changu. "Ate" si jina. Ndivyo mdogo anavyomwita dada mkubwa huko kwao, na mimi nilimwita hivyo tangu wiki ya kwanza, kwa sababu kumwita mwanamke wa makamo kwa jina lake tupu, kama wanavyofanya maofisini hapa, kulinikwama kooni. Yeye alikuwa mfasiri mzoefu, mwenye shahada ya isimu na ulimi wa pilipili. Mimi nilikuwa nimechapisha riwaya moja, iliyosifiwa sana na watu wanaojuana, na niliamini kwamba mtu aliyeweza kueleza mvua kwa kurasa tatu hawezi kushindwa na neno lolote la serikali.

Nilishindwa na haidro. Katika Kiingereza cha Ontario, jimbo tulilomo, haidro ni umeme. Mimi niliandika "bili ya maji", na Ate asingeipitia kazi yangu, ndugu zetu wangekaa gizani huku wakishangaa kwamba bomba bado linatoa maji. Nikashindwa tena na jimbo la uchaguzi, ambalo hapa huitwa kwa neno lile lile la kupanda farasi. Rasimu yangu ya kwanza ilimhakikishia mhamiaji kwamba mbunge huchaguliwa na wapanda farasi wa eneo lake. Ate aliisoma, akavua miwani, akaniuliza kama huko kwetu Tanga tuna farasi wengi.

Pigo lililoniuma zaidi lilitoka kwa shemasi mmoja wa Uvira, anayesali kanisa la Wakongomani mtaa wa Jane na Finch, ambaye tulimwomba atusomee rasimu. Wenyeji wa asili wa nchi hii, waliokuwepo kabla ya meli kufika, huitwa rasmi Mataifa ya Kwanza. Nilitafsiri hivyo hivyo, neno kwa neno, nikaona nimemaliza. Shemasi alinipigia simu akiwa na huzuni. Katika Biblia yake, watu wa mataifa ni wale wasiomjua Mungu. Aliniuliza kwa upole kwa nini serikali yenye elimu namna hii inawaita wenye nchi wapagani wa kwanza, na akataka kujua kama wapagani wa pili ni sisi.

Tukisubiri majibu ya barua pepe, mimi na Ate tulichekeshana kwa maneno ambayo wataalamu walituundia bila kuombwa. Nilimpa kishikwambi, kile kibao cha kugusa kwa kidole, nikamweleza kwamba shangazi yangu anakitumia kutwa nzima na anakiita tableti. Yeye akanipa salumpuwit, neno ambalo wapenda lugha wa kwao walilibuni mahali pa kiti: kipokea makalio. Hakuna Mfilipino aliyewahi kumkaribisha mgeni kwenye kipokea makalio, alisema, lakini hakuna asiyelijua. Neno lile limeishi kwa kuchekwa, na kuna watu mashuhuri ambao hawajaishi vizuri hivyo. Kisha tukagundua kwamba meza tuliyoiegemea ni meza kwangu na mesa kwake, na bendera iliyosimama pembeni ni bendera kwangu na bandera kwake, ingawa serikali yao ina neno jingine la heshima zaidi. Wareno walipita kwetu, Wahispania wakakaa kwao, na wote wawili, kabla hawajatufundisha lolote la maana, walituachia jina la mahali pa kutilia sahihi na jina la kitu cha kusimika. Nilitaka kuandika insha kuhusu jambo hilo. Ate aliniambia nimalize kwanza herufi H.

Mambo yaliharibika tulipofika kwenye ukurasa wa makaribisho, ambao ofisi kwa heshima iliuweka mwisho wa kazi ingawa ulikuwa wa mwanzo wa kitabu. Sentensi ilikuwa moja: Karibu katika nchi yetu. Mimi niliimaliza chai ikiwa bado inafuka moshi. Ate alikaa nayo asubuhi nzima, kalamu mdomoni, akitazama dirishani, ambako winchi za ujenzi zilikuwa zikigeuka polepole kama korongo wasiojua pa kutua.

Kitagalogi kina "sisi" mbili. Kuna tayo, sisi pamoja na wewe ninayekuambia; na kuna kami, sisi bila wewe. Kwa hiyo "yetu" nazo ni mbili. Ating bansa ni nchi yetu, nawe umo. Aming bansa ni nchi yetu, nawe umesimama mlangoni. Hakuna ya katikati. Mtoto wa miaka mitatu wa Manila haikosei, alisema Ate, kwa sababu siku ya kwanza atakayogawiwa peremende ndiyo siku atakayoielewa.

Msimamizi alikuwa mtu mwema, mvaa soksi nene za sufu, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu jambo lolote. Aliposikia habari hii alisema inavutia sana, maneno ambayo mjini hapa hutumika mtu anapoanza kuogopa. Akafikiri, akasema bila shaka ni ile ya kumjumuisha mgeni. Kujumuisha ndiyo kazi yetu, na imeandikwa ukutani. Ate akamwuliza kama mtu aliyekuja kwa viza ya miezi sita naye nchi ni yake. Kwa maana ya kihisia, akasema msimamizi, ndiyo. Ate akauliza kama mtu huyo anaweza kupiga kura kihisia.

Ikaundwa kamati ndogo. Mwanasheria, ambaye hatukuwahi kumwona bali tulimsoma, aliandika kwamba "yetu" ya kujumuisha inaweza kumpa mgeni matarajio, na "yetu" ya kutenga inaweza kumpa mgeni baridi, na kwamba ofisi isingependa kulaumiwa kwa lolote kati ya hayo. Mtu mwingine akashauri neno lifutwe kabisa, ibaki "Karibu Kanada", ila ikaonekana kwamba hapo panakosekana joto, na joto lilikuwa limeshaombewa bajeti.

Kisha ikaja siku ya mkutano mkubwa. Kila mkutano wetu, kama ilivyo desturi mjini hapa, huanza kwa tamko kwamba ardhi tuliyokalia ni ya Mataifa ya Kwanza, walioitunza tangu zamani zisizo na hesabu. Msimamizi hulisoma kwa sauti ya chini, na kwa moyo wote. Sijawahi kumwona akifanya mzaha nalo. Alipomaliza, Ate akainua mkono. Alisema hana nia ya kumuudhi mtu. Ila sentensi ya kwanza ya mkutano imesema nchi hii ni ya watu wengine, na sentensi ya kwanza ya kijitabu inasema ni yetu, na yeye kama mfasiri angeomba tu kuambiwa hiyo "yetu" imewaacha nje akina nani, ili aandike sawasawa. Chumba kizima kikatazama vikombe.

Hapo ndipo waliponigeukia mimi. Msimamizi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayezama, Kiswahili kimefanyaje. Nikasema Kiswahili kina "yetu" moja tu, inamtosha kila mtu. Akafurahi mpaka shingo ikawa nyekundu. Alisema Kiswahili ni lugha ya ukarimu. Niliipokea sifa hiyo kwa niaba ya pwani nzima, bara, na visiwa, na njiani kwenda kwa shangazi niliishika mapajani kama keki.

Shangazi anakaa ghorofa ya kumi na moja, kwenye yale majengo marefu ya Barabara ya Dixon, ambako ndege hushuka chini kiasi kwamba watu huacha sentensi katikati na kuimalizia ndege ikishapita. Akisema "kwetu" anamaanisha Tanga. Akisema "hapa kwetu" anamaanisha jengo, hasa lifti ikiharibika. Watoto wake ukiwauliza kwa Kiswahili kwao ni wapi, wanaelewa vizuri kabisa na wanakujibu kwa Kiingereza kwamba ni ghorofa ya kumi na moja. Nilimwuliza shangazi, "nchi yetu" ni ipi.

"Inategemea kauliza nani," alisema. "Akiuliza mtu wa uhamiaji, ni hii. Akiuliza mama mkwe, ni ile. Na wewe acha kuwauliza watu maswali ya polisi, kuna vitunguu hapo."

Nilimenya vitunguu nikiwaza. Ile keki ya sifa ilianza kuchacha. "Yetu" ya Kiswahili haina ukarimu wowote. Ni mwanasiasa hodari, amesimama mlangoni na mikono yote wazi, na hata siku moja hasemi kama mlango umefungwa.

Haya yote yangebaki kichekesho cha ofisini kama si mama yake Ate.

Bibi huyu alikuja majira ya kuchipua, kwa ile viza ndefu wanayopewa wazazi, kutoka mji mdogo kusini mwa Manila. Huko alikuwa na duka la misumari, rangi na mabomba, analoliendesha na mwanawe wa kiume. Ate alitaka abaki moja kwa moja. Alikuwa ameondoka kwao akiwa msichana, baba yake akazikwa yeye akitazama kwenye simu, picha ikigandaganda, na alikuwa ameapa kwamba mzazi aliyebaki hatamtazama kwenye kioo. Alimpakia rangi chumba mtaa wa Bathurst na Wilson, ambako hata vinyozi wanazungumza Kitagalogi. Alimtafutia daktari, kwaya, na duka linalouza samaki wa kwao. Kilichobaki kilikuwa jibu la bibi mwenyewe, naye alisema atalitoa kabla majani hayajaisha kudondoka.

Wakati huo huo alikuwa akiishi kwa bintiye kama mgeni wa hoteli. Alibisha hodi jikoni. Aliomba ruhusa kufungua friji. Kila asubuhi alikunja gauni lake la kulalia akalirudisha kwenye sanduku, na sanduku akalisimamisha nyuma ya mlango. Ate alimwambia kwa kila namna kwamba hapa ni kwake. Bibi alijibu kila mara kwa heshima, kama mtu anayeonyeshwa bidhaa asiyoinunua.

Mimi alinipokea vizuri. Aliniita iha, binti, akaishika riwaya yangu, akaipima uzito kwa mkono kama anavyopima misumari, akamwuliza Ate kama ina mapenzi. Ate akamwambia hapana, inahusu mvua.

"Mvua tunayo," bibi akasema, akanirudishia.

Siku moja wakati wa mapumziko Ate aliniambia kwa nini anapigana hivyo kwa ajili ya neno moja. Siku ya kuzindua kijitabu, kila mfasiri angesoma ukurasa wa makaribisho kwa lugha yake mbele ya watu, na bibi angekuwa ukumbini. Alitaka iandikwe ating. Alitaka mama yake asikie nchi hii ni yake pia, na asikie si kutoka kwa binti yake, ambaye maneno yake ameshayazoea, bali kutoka kwenye karatasi yenye nembo. "Kizazi chao kinaamini muhuri," alisema. "Akisikia serikali imesema, atafungua lile sanduku."

Tangu hapo sikucheka tena kwenye vikao vya kamati. Au nilicheka, lakini kwa upande mmoja wa mdomo.

Uamuzi ulikuja kwa barua pepe, Ijumaa alasiri, saa ambayo watu waoga hupenda kuamua. Ili kuheshimu utajiri wa lugha ya Kitagalogi, yataandikwa yote mawili, ating na aming, na katikati kutakuwa na kimstari kilichoinama. Nikamwambia Ate kwamba alama ile kwa Kiswahili tunaiita mkwaju, jina la fimbo, na pia jina la mti wenye matunda machachu. Akauliza matunda gani. Nilipomweleza, akasema kwao wanayatia kwenye supu ya samaki na mboga, na kwamba hilo ndilo jambo la kwanza la maana kutoka kwenye barua pepe ile.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Palikuwa na chakula cha kila bara, kila kimoja kimepunguzwa pilipili. Wazee wa Kiismailia waliotoka Mwanza na Kampala zamani walikaa mbele, wamenyoosha suti zao, na mmoja aliniambia Kiswahili cha siku hizi kina haraka. Shemasi wa Uvira alikuja na familia yake, akakagua ukurasa wa wenyeji wa asili kabla hajakaa. Mimi nilisoma yangu. Karibu katika nchi yetu. Watu wakapiga makofi, kila mmoja akiwa na yetu yake kichwani, na hakuna aliyegombana na jirani yake. Sijawahi kusoma sentensi iliyofanikiwa hivyo kwa kutosema kitu.

Kisha akapanda Ate. Bibi alikuwa safu ya pili, kibeti mapajani, mgongo haugusi kiti. Ate alianza vizuri, maligayang pagdating, yaani karibu, kwa furaha ya kufika, halafu akaufikia mkwaju. Mkwaju hausomeki. Mtu anaweza kuuandika, kuuchapisha, hata kuuombea bajeti, ila mdomo hauwezi kusimama katikati ya ndani na nje. Niliona macho yake yakiacha karatasi na kwenda safu ya pili.

Akasema ating.

Wafilipino waliokuwemo wakashangilia. Msimamizi naye akashangilia, akitabasamu kwa amani ya mtu asiyeelewa. Bibi hakupiga makofi. Alifungua kibeti chake, akatazama ndani, akakifunga.

Jioni Ate alitupikia ile supu ya mkwaju, sisi watatu tu, kwenye meza ndogo iliyogusa dirisha. Bibi alikula kijiko baada ya kijiko. Kisha akazungumza, kwa sauti ya dukani, na Ate akanitafsiria, kwa sababu ni utovu wa adabu kumwacha mgeni nje ya mazungumzo. Kwa mazoea ya kazi alitafsiri kwa nafsi ya kwanza, kama wanavyofanya wakalimani mahakamani. Kwa hiyo nilimsikia Ate akisema kwa kinywa chake mwenyewe:

"Binti yangu amesoma vibaya."

Akamjibu mama yake kwa Kitagalogi, akanigeukia akatafsiri jibu lake pia. Amemwambia karatasi ilikuwa na maneno yote mawili.

"Najua," Ate alisema, kwa niaba ya mama yake. "Ukachagua la uongo. Mimi nchi hii si yangu. Sijaanguka kwenye barafu yake hata mara moja. Wewe umeanguka. Umefanya kazi ya kuwaosha wazee wao, ndipo wakakuruhusu uandike maneno yao. Nilikuja kuona kitu kimoja tu. Nilitaka kukusikia ukisimama mbele yao useme aming, yetu sisi, na wao wakae kimya, asitokee wa kukusahihisha. Hapo ningejua kwamba nimekuacha mahali pako. Ukisema ni yetu sote, hata mimi niliyekuja kutembea, basi na wewe umekuja kutembea."

Sentensi ya mwisho ilitoka vipande vipande. Ate aliweka kijiko chini. Mimi nilitazama supu, ambayo ilikuwa chachu kweli, nikashukuru kuwa na sababu ya kukunja uso. Wiki nyingi tulikuwa tumegombana na ofisi juu ya nani aachwe nje, na hatukuwaza kwamba mtu anaweza kuomba aachwe nje ili aone nani yuko ndani.

Bibi akasema jambo fupi. Hilo Ate hakulitafsiri, ila nililielewa kwa sababu alilifanya: alikaa wima, akaiweka mikono pembeni ya bakuli, akaisoma tena sentensi ile, bila karatasi, katikati ya mvuke. Maligayang pagdating sa aming bansa. Sauti yake ilikuwa ya chini, si ya jukwaani. Alipofika kwenye lile neno hakusita.

"Salamat," bibi akasema. Asante. Neno hilo lilitoka bandari moja na salama yetu, halikuhitaji mkalimani. Kisha akanyanyuka, akakusanya mabakuli bila kuomba ruhusa, akauliza tu sponji inakaa wapi. Nilidhani ni dalili njema. Ate hakudhani. Alimtazama mama yake mgongoni akiosha vyombo, akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, kwamba jibu tumeshapewa.

Ofisini mambo yaliendelea kufanikiwa. Ukurasa wa Kitagalogi ulipongezwa kwa ujasiri wake, na ule mkwaju ukasifiwa kuwa ni ubunifu. Msimamizi akaandika kwamba kwa ajili ya usawa baina ya lugha, toleo la pili litauweka mkwaju katika kurasa zote za makaribisho. Nilimweleza kwamba Kiswahili kina "yetu" moja. Alisema anaelewa, na kwamba inavutia sana. Leo ukikishika kijitabu hicho utasoma, juu kabisa, kwa wino wa buluu: Karibu katika nchi yetu/yetu. Shangazi amekibandika kwenye friji. Anasema wamekosea chapa, ila wamekosea vizuri.

Bibi aliondoka majani ya mwisho yalipokuwa yakizunguka mitaroni. Nilikwenda nao uwanja wa ndege, kwa kuwa Ate aliniomba, na kwa kuwa ni karibu na kwa shangazi. Palikuwa na msongamano wa familia za Kifilipino na maboksi yaliyofungwa kamba, kila boksi limeandikwa jina la mtu kwa kalamu nene, na watoto wamekalia toroli. Bibi alinishika shavu, akaniita iha, akaniambia nikiandika tena nitie mapenzi. Kisha akamkumbatia binti yake, akamwambia maneno machache sikioni, akaenda bila kugeuka, na kibeti chake kwapani.

Tulifika kwenye gari ndipo Ate akasema alichoambiwa. Miaka yote, kila simu iliisha kwa maneno yale yale: umuwi ka sa atin, rudi nyumbani kwetu, kwako na kwangu. Leo mama yake alisema dumalaw ka sa amin. Njoo ututembelee, kwetu. Kwetu sisi, bila wewe.

"Serikali ilinipa uraia zamani," Ate akasema, akitafuta tiketi ya maegesho kwenye pochi. "Mama yangu amenipa leo."

Nikamwuliza alimjibu nini. Alijibu opo, ndiyo ya heshima, ndiyo wanayoambiwa wakubwa. Ungejibu nini kingine, akaniuliza. Alilipa mashineni, kizuizi kikanyanyuka, tukaingia barabarani. Ndege ilipita juu yetu, akaingoja ipite, kama watu wa Dixon. Ndipo akauliza, mama yangu mimi, wa Tanga, angesemaje, kwa Kiswahili, maana sisi Waswahili tuna yetu moja tu, tusingeona tofauti.

Nilitaka kumkubalia. Halafu nikamkumbuka mama yangu mlangoni, siku nilizorudi kutoka shule ya bweni, akinitazama vumbi la miguuni na kusema umekonda, ingia, maji yako bafuni. Hakuwahi kuniambia karibu. Neno hilo aliliweka kwa ajili ya wageni, pamoja na vikombe vya kabatini.

"Tungeona," nikamwambia. "Mtoto haambiwi karibu nyumbani kwao. Siku akiambiwa, anajua."

"Inasemwaje?"

"Karibu kwetu."

Akairudia kimoyomoyo, nikaona midomo ikisogea. Taa ikawa nyekundu. Akaniomba niiseme tena, safari hii kama mtu anayemwambia mtu, si kama mwalimu. Nikageuka kwenye kiti, nikamtazama, nikasema karibu kwetu, Ate.

"Asante," akajibu kwa Kiswahili, kama mgeni yeyote mwenye adabu, na taa ilipobadilika akaondoa gari.